Mkasi Kabla ya Mvua

Siku niliyoacha kazi na kuwaaga bustanini mliniuliza swali moja, na mimi nikalikwepa. Mlitaka kujua mkasi wa kupogolea ushikwe mwezi gani. Nikacheka, nikasema nitawaandikia, nikachukua kikapu changu nikatoka. Haji mlinzi ndiye aliyeona kuwa kicheko kile hakikuwa cha furaha. Alinifungulia lango akasema, "Bi Mwanaidi, umeulizwa mkasi, umeitika kama uliyeulizwa maiti." Haji ana ulimi huo, mmeuzoea. Lakini siku ile alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua, na ndiyo maana nimechelewa wiki tatu kushika kalamu. Kulikuwa na mtu mmoja aliyestahili kuyasikia haya kabla yenu.

Nitawaandikia misimu yote, kila kichaka na wakati wake. Ila siwezi kuiandika bila ya kumwandika Bi Mize, aliyenifundisha, na mwasumini wake, ambao nilimuahidi kuutunza mpaka siku ya harusi ya bintiye.

Nilifika Shangani nikitoka Mkokotoni, mjane, mikono imejaa makovu ya mapezi. Nilikuwa nikiuza samaki wa kukaanga, na mafuta yalipopanda bei nikatafuta kazi isiyohitaji moto. Nyumba ile ya bustani yetu wakati huo ndiyo kwanza imegeuzwa ya wageni. Mnaijua bustani yake: kuta za mawe pande tatu, kisima kwenye pembe, na harufu ya bahari ambayo huoni inatokea wapi. Bi Mize, mwanamke wa Makunduchi, alikuwa pale tangu nyumba ni ya ukoo mmoja. Ilipouzwa, akabaki. "Waliniuza pamoja na milango," alikuwa akisema, "ila milango ilipigwa rangi mpya."

Siku ya kwanza nilimkuta amechutama chini ya mawaridi.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

Nikaionyesha. Akaigeuza kama mtu anayekagua papai sokoni.

"Ya samaki hii. Samaki ukimkosea anakuwa mchuzi. Mti ukiukosea unakutazama mwaka mzima."

Nilidhani atanipa mkasi. Akanipa ufagio, na ufagio huo niliushika miezi mitatu. Nilipolalamika aliniambia kwamba mtu hajui kupogoa mpaka ajue kufagia, kwa sababu chini ndiko mti unakosema unachotaka kusema. Majani ya njano yakianguka machanga, una kiu. Maua yakianguka hayajafunguka, kuna mdudu. "Usifagie tu," alisema. "Soma unachofagia." Maneno haya nimewaambia nyinyi mara nyingi, mkadhani ni yangu.

Mkasi wenyewe ulikuwa mmoja, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Kila alipomaliza kichaka aliuosha kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kugusa kingine, kwa sababu ugonjwa wa mti hupanda mkasi kama abiria asiyelipa nauli. Alinifundisha kukata kwa mshazari juu ya jicho la tawi, jicho linalotazama nje na si ndani, ili tawi jipya lisiende kugombana na wenzake. Alinifundisha kunoa kwa tupa kwa kuvuta upande mmoja tu. Na alinifundisha kusimama mbali na kichaka kabla ya kukigusa, mikono nyuma. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mkono wenye mkasi hauna subira.

Misimu niliipata kwake, nami nawapa kama nilivyoipokea.

Masika yakimalizika na Kipupwe kikianza, baridi ikiingia, hapo mawaridi yakatwe vizuri, nusu ya kimo chake, matawi makavu yote yaondoke. Yatanuna wiki chache kisha yatachipua kwa heshima. Mhina nao upunguzwe wakati huo huo, na majani yake msiyatupe. Wanawake wa mtaani wanajua njia ya lango letu. Mkilua msiukate, hata ukikukera vipi. Ondoeni kilichokauka, tena maua yakishaisha. Bi Mize alisema mkilua una kiburi cha watu wa kale: ukiugusa bila ya kubisha hodi, hukukatia salamu mwaka mzima. Vuli ikija, mvua zile ndogo, gusagusa tu ncha zilizorefuka. Bogenvilia la ukutani lisubiri limwage maua, Masika yakikaribia, ndipo likatwe bila ya huruma, na vaeni mikono mirefu. Kaskazi ikishika, jua likiwa kali na ardhi imepasuka, mkasi utundikwe kwenye msumari. Kaskazi ni ya ndoo.

Mwasumini nimeuacha nje ya orodha. Hata Bi Mize aliutenga.

Alikuja na kijiti chake kutoka Makunduchi, amekifunga kwenye kitambaa kibichi, akiwa na mimba ya Rukia, mtoto wake wa pekee. Akakipanda karibu na kisima. Nilipoukuta mimi, ulikuwa umemfika mtu kifuani na mpana kuliko mlango. Alasiri, matumba yakiwa bado yamefumba, Bi Mize aliyachuma na kuyatia kwenye kawa yake ya ukili, na yalipofunguka jioni nyumba nzima, hadi ghorofa ya juu, ilinyamaza kidogo. Sijui niseme vipi zaidi. Watu walikuwa wakiteremka ngazi wakizungumza, wakifika nusu wanapunguza sauti.

Mwaka wangu wa tatu pale, Maulidi yalipita, na asumini zote zilikuwa zimechumwa kwa ajili ya Maulidi. Mvua ilinyesha siku mbili. Asubuhi ya tatu niliingia nikakuta ua wote umejaa mbawa za kumbikumbi, nyembamba mfano wa karatasi ya sigara, zimenata kwenye mawe mabichi. Ufagio ulizivuta zikakunjana, nikazivuta tena.

"Hizi nazo!" nikasema. "Hazifagiliki."

Bi Mize alikuwa mlangoni, anacheka. "Fagia, fagia. Wageni wetu washafika." Kisha akaenda kutoa mkasi.

Aliukata mwasumini mpaka gotini. Nilishika kichwa. Haji, ambaye wakati huo bado alikuwa na nywele zake, akasogea kutoka langoni.

"Bi Mize, umemnyoa kipara mtoto wa watu. Utamvisha kofia?"

"Nitakuvisha wewe, kabla hujazipoteza zako."

Nilimuuliza unakatwa mwezi gani. Alikuwa ameinama, pumzi inamsumbua. Kifua chake kilikuwa kimeanza. Akajibu bila ya kugeuka, "Mwezi huu. Mfunguo Sita, Maulidi yakishapita." Nikachana kipande cha boksi la majani ya chai, nikaandika: *Mwasumini. Mfunguo Sita, Maulidi yakishapita. Gotini.* Nikakitundika ghalani juu ya mkasi. Nilijiona mwanafunzi hodari.

Mwaka huo huo kifua kilimrudisha Makunduchi, na nikaenda kumtazama. Alikuwa amelazwa kwenye chumba chenye dirisha dogo, na alinipokea kwa kuniuliza habari za mkilua kabla ya habari za watoto wangu. Rukia alikuwa Maskati, akifanya kazi kwenye nyumba za watu, hajapata ruhusa ya kuja.

"Mwanaidi."

"Naam."

"Rukia akiolewa, asumini za vikuba vyake, vishada vya kujipamba, zitoke kwangu. Mimi sitakuwepo. Zile zitakuwepo."

"Zitatoka, Bi Mize. Wallahi."

"Mti hauli kiapo, bibi we. Unakunywa maji."

Alifariki siku chache baada ya Idi, Vuli ikikaribia. Nilirudi Shangani nikachukua mkasi wenye mpini wa mpira, nao ukawa wangu, bila ya mtu kunikabidhi.

Sasa nisomeni polepole, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipoharibika.

Mwaka uliofuata Maulidi yalipita, nikausoma ule ubao wangu wa boksi, nikakata gotini. Siku chache baadaye mvua ikaja, mwasumini ukachipua kama uliosubiri ruhusa. Nikalia kwa furaha pale kisimani. Mwaka wa pili nilikata, na mvua ikachelewa wiki tatu. Nikamwagilia kwa ndoo. Mwaka wa tatu ikachelewa zaidi, nikazidisha ndoo. Mwaka wa nne majani yalitoka madogo, na maua yakawa ya kuhesabika. Wageni waliniuliza, nikawaambia unamlilia mwenyewe. Wakaupiga picha. Mimi mwenyewe nikaiamini hadithi yangu, kwa sababu nami nilikuwa nikimlilia, na mtu mwenye msiba huona kila kitu kimefiwa.

Mwaka wa sita Mfunguo Sita uliangukia katikati ya Kaskazi. Kisima kilikuwa kimeshuka na maji yake yameanza kuwa ya chumvi. Mkasi ulikuwa kwenye msumari, kama nilivyofundishwa. Nikautungua, nikatoka nao.

Haji akaniangalia kutoka kwenye kivuli cha lango. "Bi Mwanaidi, unakata na jua hili? Hata paka kajificha."

"Mfunguo Sita, Haji. Ndivyo alivyosema."

"Amesema, sawa. Lakini hilo jua halikusikia."

"Na wewe lilinde lango lako. Mti niachie."

Nikakata gotini. Nilikuwa nikitii, na mtu anayetii hana wasiwasi.

Haukuchipua. Nilingoja wiki mbili, nikangoja mwezi. Nilikwaruza gome kwa ukucha nikitafuta ukijani, nikakuta rangi ya kahawia. Nikakwaruza chini zaidi, kahawia. Mvua za Masika zilipofika, bustani nzima ilicheka isipokuwa pale karibu na kisima. Nikafukua. Mizizi ilikatika mkononi kwa sauti ndogo, kama vijiti vya ubani.

Hata hapo sikuelewa. Nilielewa Ramadhani, tena kwa mdomo wa Haji. Tulikuwa tumekaa ghalani kufuturu, magharibi imeshaadhiniwa, na nje kuna baridi ya Kipupwe. Akasema, "Alhamdulillahi, mwaka huu tumefunga na ubaridi. Mwaka ule aliofariki Bi Mize tulifunga Vuli inakaribia, unakumbuka ile kiu? Inazunguka tu hii."

Nikairudisha tende kwenye sahani.

Inazunguka. Mtoto wa chuoni anajua kuwa inazunguka. Miezi yetu ya mwandamo kila mwaka hutangulia siku kumi, kumi na moja, ndiyo maana tunafunga kwenye joto na tunafunga kwenye baridi, na Maulidi tunayasoma kwenye tope na tunayasoma kwenye vumbi. Mvua haziufuati mwezi wa kuandama. Nilikuwa nikilijua hilo kwa tumbo langu tangu utotoni, na sikulipeleka kwenye mti hata siku moja. Kila mwaka nilikuwa nikiusogeza mkasi mbali na mvua, siku kumi, siku kumi na moja, mpaka nikaufikisha jangwani. Na juu yake nilikuwa nimetundika ubao.

Haji aliniuliza kama tende ina mdudu. Nikasema ndiyo.

Idi ilipopita simu ikalia. Alikuwa Rukia.

"Bi Mwanaidi, shikamoo. Nnakuja kuolewa."

"Marahaba, mwanangu. Mashallah. Mashallah."

"Asumini za mama zipo?"

Mnajua ni muda gani mtu anao wa kujibu swali kama hilo? Nimeupima mara nyingi tangu siku ile. Ni kama muda wa kufunga kishikizo kimoja.

"Zipo," nikasema.

Nilizunguka Darajani asubuhi mbili, kwa sababu Kipupwe asumini ni adimu. Nikapata kwa bibi mmoja, za kutosha tu. Nikakaa nyumbani kwangu nikavifunga vikuba: asumini, mrihani, kilua kimoja katikati ya kila kikuba, uzi mwembamba, nikavipeleka Makunduchi ndani ya kawa ya Bi Mize mwenyewe. Rukia alikuwa amekaa mkekani, miguu imejaa hina. Alikishika kikuba kimoja kwa mikono miwili, akakiweka usoni, akakaa hivyo kwa muda mrefu mpaka wanawake wakaacha kuimba.

"Harufu ya mama," akasema.

"Naam," nikasema mimi.

Miaka kadhaa baadaye alikuja bustanini. Wakati huo karibu na kisima palikuwa pameshajengwa bwawa dogo la samaki wa rangi, mnalolijua. Alisimama pale akiwa amemshika mtoto wake mkono, akaniuliza mwasumini uko wapi. Nikamwambia wenye nyumba waliung'oa ili wajenge bwawa. Akawalaani mafundi kwa utulivu, kama wanavyolaani watu wa Makunduchi, bila ya kupaza sauti. Mimi nikaitikia. Wale mafundi nilikuwa nimewapikia chai mimi mwenyewe. Walikuta pana shimo tupu, wakauliza kama wanaruhusiwa kulitumia.

Tangu hapo sikukata tena kwa maandishi. Nyinyi mlioingia baadaye mmeniona nikichota udongo na kuufumba ngumini kabla ya kushika mkasi, mkanicheka pembeni, najua. Udongo ukishikamana na ngumi ikaacha alama za vidole, ardhi imekunywa. Ukitiririka, rudisheni mkasi kwenye msumari, hata kama aliyewaambia mkate alikuwa mtu mnayempenda. Zaidi akiwa mtu mnayempenda. Nimekuwa mtunza bustani mzuri katika miaka hii ya mwisho. Walionisifu siku ya kuniaga hawakusema uongo. Ila hawakujua nilijifunza kwa kuua.

Wiki iliyopita nilikwenda Makunduchi. Rukia amesharudi kwao, anakaa kwenye nyumba ile ile yenye dirisha dogo. Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia kabla sijakaa, kwa sababu nilijua nikikaa nitauliza habari za watoto. Nikamwambia yote: ubao wa boksi, Mfunguo Sita, ukucha wangu kwenye gome, asumini za Darajani, na mafundi.

Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa chuya mojamoja, akazipanga ukingoni mwa ungo.

"Vikuba vile," akasema mwishowe, "vilikuwa vya kununua."

"Vilikuwa vya kununua."

"Nimekiweka kimoja. Kiko kwenye sanduku, pamoja na kanga za mama."

Kuku alipita kati yetu. Rukia akaupiga ungo kidogo, mchele ukaruka ukatua.

"Mama hakuwahi kukata kwa mwezi, Bi Mwanaidi. Hata tarehe alikuwa haijui, sisi ndio tuliokuwa tukimwambia leo siku gani. Alikuwa akingoja kumbikumbi."

"Kumbikumbi?"

"Ardhi ikishaloa mpaka chini ndiyo wanaruka. Asubuhi mbawa zao zinajaa uani. Akiziona tu, anashika mkasi. Tangu mimi mdogo. Hapa nyumbani hivyo hivyo." Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza, na macho yalikuwa ya Bi Mize, yale ya kukagua papai. "Ulikuwa naye pale. Hukuziona?"

Hakunifukuza. Hakusema amenisamehe pia. Alipika wali ule, akanitilia, akanambia nile kwa sababu safari ya mjini ni ndefu.

Mliniuliza mkasi ushikwe mwezi gani, na jibu langu ni hili. Hakuna mwezi. Kile kipande cha boksi nimekitoa ghalani siku nyingi, msikitafute. Ingieni asubuhi, shikeni ufagio kwanza, na mtazame kilichoanguka.

Niliziona. Miaka yote sita niliziona, kila Masika, zimenata kwenye mawe mabichi baada ya mimi kuwa nimeshakata, na kila mwaka nilizifagia zote nikazijaza kwenye kizoleo, nikanung'unika kwamba hazifagiliki, nikazitupa nje ya ukuta.